Linda Kisiki Kabla ya Kununua Mche: Mambo ya Kufanya na Kutofanya katika Misitu ya Miombo

Orodha hii inawahusu wanaoishi na miombo: wajumbe wa halmashauri ya kijiji na kamati ya maliasili, mkulima wa ufuta wa Liwale, mkulima wa tumbaku wa Urambo, mfugaji, mrina asali, mchoma mkaa, na afisa misitu wa wilaya anayedaiwa taarifa ya miti iliyopandwa. Imeandikwa kwa ukali kwa sababu wakati wa kubembelezana umepita. Tathmini ya kitaifa ya misitu iliyotolewa mwaka 2015 iliihesabia Tanzania Bara hekta milioni 48.1 za misitu, na sehemu kubwa mno ya hizo ni misitu ya nchi kavu, miombo ikiongoza. Kati ya 2002 na 2013 tulikuwa tukipoteza takriban hekta 469,000 kila mwaka.

Miombo imezoea shida. Hukaa miezi mitano, sita, hata saba bila mvua. Hupukutisha majani na kusubiri. Ukame peke yake hauiui kirahisi. Lakini sasa kiangazi kinarefuka, joto linapanda, mvua za kwanza zinachelewa au zinanyesha siku mbili na kukatika. Mti ambao zamani ulistahimili kiangazi pamoja na shoka, moto na kwato hauna tena muda wa kujirudi kati ya pigo moja na jingine. Mvua hatuwezi kuirekebisha kijijini. Shoka, moto na kwato viko mikononi mwetu.

USIANZE NA MCHE, ANZA NA KISIKI

Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Nia ni njema. Kwenye nchi kavu, hata hivyo, mche uliotolewa kwenye kiriba na kupandwa Januari una wiki chache tu za kushusha mizizi kabla mvua hazijakata. Kufikia Agosti ardhi imekuwa ngumu, mchwa wameufikia, mbuzi wamepita. Pembeni yake kuna kisiki cha mtundu au myombo ambacho mizizi yake ni ya miaka mingi. Mizizi hiyo imeshafika kwenye unyevu ambao mche hautaufikia kwa muda mrefu, na kisiki kimeshachipua chenyewe bila kumwagiliwa. Tunakipita tukiwa tumebeba miche, na wakati mwingine tunakifyeka ili kupata nafasi ya kuchimba shimo. Hili ni kosa, na linagharimu fedha za umma.

Mtazame mninga. Mche wake wa porini hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, mwaka baada ya mwaka, huku mzizi ukinenepa chini. Kwa miaka kadhaa mpita njia haoni kitu zaidi ya kijiti. Siku mzizi umetosha, shina linaondoka kwa kasi na kupanda juu ya nyasi. Anayepalilia kijiti hicho kwa kudhani ni gugu amefuta kazi ya miaka mingi kwa jembe moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Tembea shambani na msituni kiangazi kinapoanza, utafute visiki vilivyochipua. Kwenye kila kisiki chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, uondoe mengine. Pogolea matawi ya nusu ya chini kwa kisu kikali, kutoka chini kwenda juu, usichane gome. Funga kitambaa ili kila mtu ajue kwamba mti huu una mwenyewe. Kisha ulinde. Wakulima wa Dodoma wamefundishwa kazi hii na shirika la LEAD Foundation kwa jina la Kisiki Hai, na yeyote anayepita mashamba hayo anaweza kuona vitambaa hivyo kwa macho yake. Nchini Niger, ambako mvua ni haba kuliko Dodoma, wakulima wa Maradi walianza njia hiyo miaka ya 1980 wakishirikiana na Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa amechoka kuona miche yake ikifa. Eneo lililorudishiwa miti huko linakadiriwa kufikia hekta milioni 5, karibu lote bila kitalu.

Usihesabu miche iliyopandwa. Hesabu miti iliyo hai baada ya viangazi vitatu. Afisa misitu atakayepeleka takwimu hiyo juu, hata ikiwa ndogo, ameitumikia nchi kuliko anayepeleka idadi ya viriba.

PANDA PALIPO NA SABABU YA KUPANDA

Panda nyumbani, shuleni, kwenye mipaka ya shamba, na mahali ambapo hakuna kisiki wala mbegu iliyobaki. Mwagilia, zungushia miiba, weka matandazo. Panda miti inayojulikana hapo.

Usipande mkaratusi karibu na chemchemi au kwenye kingo za mto. Usilete mti mgeni kwa sababu tu umeambiwa hauogopi ukame. Mti usioogopa ukame unaweza pia usiogope chochote kingine. Wananchi wa Baringo, Kenya, waliletewa mti wa mathenge mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Ukaota, ukasambaa, ukafunga malisho na njia za kwenda majini, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 walifungua kesi Mahakama Kuu ya Nairobi, na mbuzi aliyepoteza meno akapelekwa kuwa ushahidi. Mathenge bado uko Baringo hadi leo.

CHOMA MAPEMA AU USICHOME KABISA

Hapa ndipo msitu mkavu unapopona au kufa, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Karibu na Ndola, Zambia, katika miaka ya 1930 wataalamu walitenga vipande vya miombo vilivyofanana. Vingine walivichoma kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vingine walivichoma kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Vingine vililindwa visiguswe na moto. Miaka ikapita, miongo ikapita. Palipolindwa msitu ulisongamana. Palipochomwa mapema miombo ilibaki miombo. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi miti karibu yote ilikwisha, yakabaki majani marefu. Udongo ulikuwa mmoja na mvua ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni moto, na mwezi wa kuuwasha.

Sababu haina fumbo. Mwezi Mei au Juni nyasi zina maji kwenye shina, moto unakwenda polepole, chini chini, unaruka sehemu na kuacha mabaka. Miti imeanza kupumzika. Mwezi Septemba na Oktoba nyasi zimekauka kabisa, upepo ni mkali, joto la moto linapanda hadi kwenye matawi. Tena ndio wakati ambao miombo, kwa desturi yake, imeshatoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, kwa akiba iliyohifadhi mizizini. Moto wa Oktoba unachoma akiba hiyo. Mti mkubwa unaweza kurudia mara moja, mara mbili. Chipukizi la urefu wa kiunoni halirudii. Linarudi chini kwenye kisiki na kuanza upya, na likianza upya kila mwaka halitakuwa mti kamwe. Kuna misitu yenye miti mikubwa mizuri ambayo chini yake hamna mrithi hata mmoja. Hiyo ni misitu inayozeeka bila watoto, na anayeitazama kwa mbali hudhani iko salama.

Basi fanya haya.

Fyeka njia za moto kuzunguka msitu mara tu mvua zinapokwisha. Njia isiyofyekwa kufikia Mei imechelewa.

Usifuate kalenda ya babu neno kwa neno. Kalenda ilikuwa sahihi kwa mvua za wakati ule. Sasa mwaka mmoja mvua hukata Machi, mwaka mwingine huvuta hadi Mei, na nafasi ya kuchoma salama inaweza kuwa wiki mbili tu. Kamati iende porini kuangalia nyasi: juu ziwe zimeanza kukauka, chini kwenye shina bado kijani. Zikiwa kijani tupu hazitashika. Zikiwa kavu hadi chini, umechelewa, na mwaka huo kazi yako ni kulinda tu.

Washa jioni, upepo ukiwa umetulia, ili umande wa usiku ukusaidie kuzima. Usiwashe saa sita mchana. Usiwashe peke yako. Watangazie vijiji jirani siku na mahali. Usiondoke mpaka moto umezimika wote, pamoja na magogo yanayofuka.

Gawa msitu vipande, usichome wote mwaka mmoja. Kipande chenye machipukizi machanga kiachwe bila moto kwa miaka kadhaa, hadi mashina yavuke urefu wa miali.

Tafuta kibali. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kuwasha moto porini kwa hiari yake, hata kama nia yake ni njema.

Kisha zungumza na wanaochoma, kila mmoja kwa sababu yake. Mrina asali anayetumia mwenge wa nyasi apewe au auziwe bomba la moshi kupitia kikundi chake; mwenge unaoanguka kutoka mtini umeteketeza misitu mingi kuliko tunavyokiri. Mfugaji anachoma ili apate majani mabichi. Akionyeshwa kipande cha kuchoma mapema, atapata majani hayo bila kuua miti. Mkulima anayesafisha shamba afyeke mkanda kwanza, majirani wawepo. Mwindaji asiye na kibali akamatwe. Na yupo anayewasha moto kandokando ya njia kwa imani kwamba ukifika mbali naye ataishi maisha marefu. Imani hiyo ipo sehemu kadhaa za nchi yetu. Wazee ndio wenye uwezo wa kuikataza hadharani na wakasikilizwa, nao wafanye hivyo. Kunyamaza kwao kunahesabiwa kuwa ruhusa.

MILIKI MSITU KISHERIA

Karibu nusu ya misitu yetu iko kwenye ardhi ya vijiji. Msitu wa kijiji usiotengwa rasmi ni wa atakayewahi: mwenye msumeno, mwenye fuso, mwenye cheo.

Hatua zinajulikana. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unaridhia, eneo linapimwa ndani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi, mpango wa usimamizi unaandikwa, sheria ndogo zinapitishwa na halmashauri ya wilaya. Usiruke hatua ya mwisho. Sheria ndogo isiyopitishwa haina nguvu, na mvunaji haramu mwenye wakili anajua hivyo kabla yako.

Msitu wa Duru-Haitemba wilayani Babati ulikuwa ukielekea kufanywa hifadhi ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wananchi waliokuwa wakiuona kuwa ni wao walianza kuuona kuwa ni wa wengine, na uharibifu ukaongezeka. Serikali ikakubali kuviachia vijiji viulinde vyenyewe, kila kijiji na sehemu yake, kwa sheria zake na walinzi wake. Msitu ukapona. Kiteto nako vijiji vya SULEDO vilichukua dhamana ya msitu wa takriban hekta 167,000. Mifano hii ina zaidi ya miaka ishirini. Kijiji kinachosema bado kinasubiri wataalamu kianze leo na kikao.

Weka mipaka inayoonekana: mawe, rangi kwenye miti, vibao. Fanya doria wakati wa kiangazi zaidi ya masika, kwa sababu ndipo barabara za porini zinapitika. Somea mapato na matumizi ya msitu kwenye mkutano mkuu, shilingi kwa shilingi. Mwananchi asiyejua fedha ya mbao ilikwenda wapi hatamkamata mwizi wa mbao, na sioni sababu ya kumlaumu.

VUNA KWA HESABU

Usiuze mti ambao hujauhesabu. Fanya tathmini ya miti iliyopo, aina kwa aina, unene kwa unene, ndipo upange kiasi cha kuvuna. Mpingo unaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Anayekata mpingo mwembamba leo anakata mti ambao mjukuu wake angeuza kwa bei ya mara nyingi zaidi, kwa watengenezaji wa zumari za Ulaya ambao hutaka gogo nene lisilo na ufa.

Vijiji vya Kilwa, vikisaidiwa na shirika la MCDI, vilipata mwaka 2009 hati ya FSC ya uvunaji endelevu, ya kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanajamii. Havikuwa na elimu ya ziada kuliko vijiji vingine. Vilikuwa na hesabu ya miti, mpaka, na ujasiri wa kumwambia mnunuzi bei.

Usiruhusu gogo litoke bila kugongwa nyundo na bila hati ya kusafirishia. Usikate mti wa mbegu, ule mkubwa ulionyooka ambao kila mpasuaji anautamani. Usipasue mbao msituni na kuacha mabaki yamerundikana chini ya machipukizi. Hayo ndiyo kuni za moto wa Oktoba. Kata kwa msumeno au shoka kali, mkato uwe laini na ulale upande, maji yateremke yasituame katikati na kuozesha kisiki. Kisiki kilichopasuliwa kwa panga butu huchipua vibaya au hakichipui.

MKAA: USIPIGE MARUFUKU KWA MDOMO

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia takriban tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake ikiishia Dar es Salaam. Serikali sasa ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo la kuunga mkono kwa nguvu zote. Lakini gunia litakalopandishwa kwenye lori usiku wa leo lazima litoke mahali, na marufuku isiyo na njia mbadala hulitoa kwenye msitu usio na mlinzi.

Kilosa walijaribu njia nyingine. Vijiji vikatenga sehemu ndogo ya msitu kwa ajili ya mkaa, ikagawanywa viwanja vya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti, kimoja kikavunwa na jirani yake kikaachwa. Kiwanja kilichovunwa hupumzika miaka 24. Visiki huachwa vichipue, miti ya mbao na yenye mizinga haiguswi, kuni hukaushwa vizuri kabla ya kupangwa kwenye tanuri ili mti mmoja utoe mkaa mwingi zaidi. Ushuru ulijenga madarasa na zahanati.

Fanya hivyo, au usichome mkaa. Usichome mkaa kwenye mteremko, kwenye vyanzo vya maji wala kwenye kiwanja kilichovunwa karibuni. Usijenge tanuri juu ya kisiki, kwa maana joto lake huua mizizi na kila kilichomo kwenye udongo. Na ukishavuna kiwanja, usikigeuze shamba. Kukata mti kwa mkaa kunauacha msitu na mizizi yake. Jembe linalofuata ndilo linaloimaliza, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili lawama nyingi ambazo mchoma mkaa hubebeshwa peke yake.

MIFUGO IWE NA ZAMU

Usiwaite wafugaji adui wa msitu. Wasukuma walikuwa na ngitili kabla idara yoyote ya misitu haijafika Shinyanga: eneo linafungwa mvua zinapoanza, majani na machipukizi yanakua, kisha linafunguliwa kiangazi kikali. Ufyekaji wa mapori ili kuangamiza mbung'o, kilimo cha pamba, kisha kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970 mbali na ngitili zao, vilivunja desturi hiyo, na mkoa ukakauka hadi Mwalimu Nyerere akauita jangwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600. Ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Miche haikuleta wingi huo. Watu walifunga maeneo yao, sungusungu wakalinda, baraza la jadi la dagashida likatoza faini, na visiki vikafanya kazi yake.

Fuata utaratibu huo popote. Funga kipande kilichovunwa au kilichoungua mpaka machipukizi yapite kimo cha ng'ombe kuyafikia. Tenga njia ya mifugo kwenda majini, pana na yenye mipaka, kabla ya kiangazi, mkiwa mmekaa pamoja wakulima na wafugaji. Usisubiri damu imwagike ndipo uite kikao. Mfugaji mgeni aandikishwe, aonyeshwe mipaka na aambiwe sheria siku anapofika. Usipokee fedha zake gizani na kumfukuza mchana. Viongozi wanaofanya hivyo wapo, na ndio wanaozaa ugomvi wote unaofuata.

Pale ardhi ilipokwisha kuwa makorongo, kufunga kwa zamu hakutoshi. Kondoa mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka vibaya zaidi. Lilikuwa agizo chungu kwa waliohama, lakini milima ya Irangi ilivaa majani na miti tena. Ng'ombe waliporuhusiwa kurudi miaka kumi baadaye, walirudi wakiwa wa kufugwa bandani. Usiingoje hatua hiyo kijijini kwako.

SHAMBA LISITEMBEE

Ufuta hulipa, na ardhi mpya ya msitu huupa mavuno mazuri kwa miaka miwili au mitatu. Ndiyo maana misitu ya Lindi inaliwa kutoka pembeni kila msimu. Usifungue pori jipya kabla ya kutumia samadi, kunde na mbaazi kwenye shamba ulilonalo. Unapofungua kwa ruhusa, using'oe visiki vyote. Acha miti kadhaa kila ekari. Mkulima wa tumbaku ajenge bani linalotumia kuni kidogo, na kuni hizo azipande mwenyewe, kwa sababu majani yanayokaushwa kwa mtundu wa kijiji yanauzwa kwa jina lake yeye.

Mwanasiasa naye asiahidi kugawa msitu kuwa mashamba kwenye kampeni.

USISAHAU NYUKI NA UYOGA

Miti mingi ya miombo huishi kwa ushirika na fangasi wa ardhini ambao huifikishia maji na virutubisho mizizi isikofika. Uyoga ambao akina mama huuokota mvua zinapoanza ni tunda la fangasi hao. Lima ardhi hiyo kwa miaka kumi na fangasi hupungua. Rudisha mche hapo na utadumaa. Anayechuma uyoga achume kwa mkono, asifukue.

Usitengeneze mzinga wa gome. Gome likivuliwa mti mzima unakufa, kwa ajili ya mzinga unaodumu misimu michache. Tumia mizinga ya masanduku au ya magogo yaliyokwisha kuanguka. Kijiji chenye mizinga mingi msituni kina walinzi wengi wasiolipwa posho, kwa kuwa hakuna mrina anayevumilia moto chini ya mzinga wake.

KABONI: SOMA KABLA YA KUWEKA SAHIHI

Vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wamelipwa fedha za kweli kwa kulinda misitu yao kupitia biashara ya kaboni. Habari hizo zimefungua mlango kwa mawakala wa kila namna. Tangu 2022 zipo kanuni za serikali za biashara hii. Dai kuonyeshwa usajili wa mradi. Mkataba usomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu, wote, pamoja na kipengele cha muda. Uliza mambo manne: tunafungwa miaka mingapi, mgawo wetu ni asilimia ngapi ya bei gani, msitu ukiungua nani anabeba hasara, na tukitaka kutoka tunatokaje. Asiyejibu yote manne siku hiyo arudi alikotoka.

Usiuze haki ya kuokota kuni kavu, dawa na uyoga. Hiyo ni haki ya wanawake wa kijiji kwanza, nao mara nyingi hawapo mezani sahihi inapowekwa. Wawepo.

NA SASA

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Kikao cha kabla ya mwezi Mei kiwe na mambo matatu kwenye ajenda: njia za moto zitafyekwa na nani na lini, kipande gani kitachomwa mapema na kipi kitafungwa, na nani watapita kuhesabu visiki vilivyochipua. Mwenyekiti asipoyaweka, wananchi yadaini kwa kunyoosha mikono, na muhakikishe yameandikwa kwenye muhtasari.